Yule wa Shati Jekundu

4 Februari

Dada,

Kwanza usinune. Najua nimekaa kimya tangu niondoke, lakini huku kambini simu zetu zote zimekusanywa kwenye mfuko mmoja na kufungiwa kabatini mpaka kazi iishe, mtu asije akarekodi mapigano na kuyasambaza kabla filamu haijatoka. Anayetaka kuongea na nyumbani anaandika, na dereva wa gari la chakula anapeleka barua posta akishuka mjini. Kwa hiyo ndugu yako, yule uliyekuwa unamwandikia insha za shule huku ukimfinya sikio, leo ameshika kalamu mwenyewe.

Maisha mazuri, ila mwili wote unauma. Mwalimu wetu ni Mthai hasa, mtu mfupi, mkimya, magoti yake magumu kama mchi. Tunapiga viwiko kwenye magunia ya mchanga, tunapiga magoti, halafu tunajifunza kuanguka. Kuanguka ndiyo kazi yenyewe, Dada. Kupiga hata walevi wanajua.

Na Baba alikuwa anasema kweli. Hakuna kamba. Mtu akiruka juu ya gari, basi karuka juu ya gari. Unakumbuka tulivyokuwa tukimwekea zile filamu za watu wanaopaa juu ya miti? "Huyo kaanikwa," anasema, "mwanueni kabla hajakauka." Halafu tukiweka ya Kithai anavuta kiti mpaka goti linagusa televisheni. Alipenda wanavyorudia mruko mmoja mara tatu kutoka pande tatu, kama muuza nguo anayekugeuzia shati uone na mishono. Alikuwa anasema mchora mabango ya sinema kama yeye anajua mwili unaodanganya, na hawa hawadanganyi.

Sasa habari kubwa. Filamu yetu ya kwanza imekwisha na natuma diski. Tafuta mapigano ya sokoni. Ghorofani kuna mtu wa shati jekundu, anapigwa goti la kifua, anaanguka mpaka chini juu ya meza ya mabakuli. Wameirudia mara tatu. Ndiye mimi.

Mwambie Baba asipepese. Sura haionekani vizuri kwa sababu ya vumbi, lakini yeye hawezi kunikosa. Mtu aliyechora miili kwenye mabango maisha yake yote, tena akinitumia mimi kama mfano tangu nina meno ya utoto, atanijua tu. Niandikie alichosema, neno kwa neno.

Ndugu yako,
Kiwiko


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kaka yako yuko chumba cha pili, na siku hizi masikio yake yanasikia hata mchwa akitafuna fremu ya mlango.

Macho hayarudi. Nimempeleka tena hospitali. Daktari anasema presha ya macho imeshaua mishipa, kilichobaki ni mwanga kidogo akielekea dirishani. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini hatukuja mapema. Shangazi, nilitamani sakafu inimeze. Mimi ndiye ninayeuza duka la dawa! Baba aliniambia mara ngapi kuwa kichwa kinamgonga na taa anaziona zimezungukwa na duara? Nikamletea matone ya macho mekundu, nikamwambia ni moshi wa rangi na tapentaini. Niliyatoa mwenyewe kabatini, nikamwekea mwenyewe. Sasa mteja akija kuulizia matone hayo, namwita mwenzangu ahudumie yeye.

Kiwiko hajui. Alipoondoka Baba alikuwa anagongagonga ndoo kidogo tu, tukacheka. Nikimwambia leo ataniuliza swali lile lile la daktari. Au ataacha kila kitu arudi, na mimi ndiye niliyembembeleza Baba amruhusu kwenda.

Sasa limeongezeka jingine. Ametuma diski ya filamu yao, akasema yeye ni mtu wa shati jekundu kwenye mapigano ya sokoni. Jumapili mchana tukakaa. Siku hizi mimi ndiye naangalia na yeye anasikiliza: "Goti la kulia, kifuani. Mwingine kaja na benchi." Naye, kipofu wa watu, ananisahihisha! "Siyo ngumi hiyo, ni kiwiko, nimesikia mfupa." Hapo uso wake unafunguka kama zamani, nami nasahau kwa muda kwamba ni mimi niliyemfikisha pale.

Sokoni tukafika. Shati jekundu likatokea. Shangazi, si yeye. Vumbi hakuna, sura iko wazi mchana kweupe: mtu mnene, hana shingo. Kiwiko wetu ni ufito. Baba kakaa ukingoni mwa kiti ananishika mkono: "Umemwona? Umemwona?" Nikasema, "Namwona, Baba." Nikamweleza anguko lote mara tatu, nikiongeza chumvi kila upande, akalia machozi.

Akataka tuendelee mpaka pale majina yanapopita na wanaonyesha waliokosea na walioumia. Zamani hapo ndipo alipopapenda kuliko pote. Alikuwa anasema ukweli unakaa mwishoni. Mimi nikazima, nikamwambia diski imegoma. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Nikimwambia Kiwiko kwamba si yeye niliyemwona, nitamwumbua. Nikimwambia Baba hakuona, itabidi nieleze macho. Nitamwandikia kwamba Baba amemwona, yaishe.

Nisamehe kwa kukutwika haya.

Mwanao


3 Machi

Kiwiko mdogo wangu,

Umetuua! Kasha lilipondeka kona lakini diski nzima. Tumeiangalia Jumapili, na Baba alivaa lile shati lake la kutokea, utadhani ndiye atakayeonekana yeye.

Ulipotokea pale ghorofani alinyanyuka kwenye kiti. Akasema, "Yule pale." Mimi nilikuwa bado natafuta. Nikataka kukuonyesha kwa kidole, akaniambia nitoe mkono namziba. Ukapigwa, ukaja chini, mabakuli yakaruka, nami nikaficha uso lakini yeye hakupepesa. Anasema alitambua mgongo wako kabla hujageuka. Bega limetangulia sawasawa, anasema, kama alivyokufundisha. Walipoirudia mara ya tatu akapiga makofi.

Mengine huku ni yale yale. Dukani mafua yamekuwa mengi, tunauza dawa za kikohozi kama karanga. Baba mabango hachori sana, anajipumzisha, na umri nao. Usijali chochote, fanya kazi.

Nenda polepole na hayo magoti.

Dada yako


15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako jikoni, nikaunguza mboga, kwa hiyo una deni langu.

Mimi si wa kukuchapa, umeshajichapa vya kutosha. Matone uliyompa uliyatoa kwa mapenzi, na kaka yangu naye ni mbishi, ungemwambia aende hospitali angekwambia daktari aje yeye amchore. Hilo nakusamehe mimi kwa niaba ya wote.

Lakini hili la pili siliwezi. Umempa baba yako mtoto wa mtu, akamlilia. Umempa mdogo wako macho ya baba ambayo hayapo. Kila mmoja umemshikisha kitu cha uongo mkononi, na wewe umesimama katikati unawatabasamia wote wawili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Andika barua nyingine, fupi, leo, kabla ya chai.

Na kama mkono wako mzito, niambie, niandike mimi. Ila nikiandika mimi sitaweka sukari.

Shangazi yako


27 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Sasa niambie kweli. Baba alisema "Yule pale" kwa sauti gani? Alicheka? Alinyamaza kwanza? Alivaa miwani, au ilikuwa mfukoni kama kawaida yake?

Usione nakuhoji kama polisi. Ni kwamba Baba namjua. Aliwahi kunitambua kwa kisigino tu, nimejificha nyuma ya bango ambalo halijakauka, akasema, "Toka, kisigino." Mtu wa namna hiyo haoni mwili akasema bega sawasawa, kisha akapiga makofi. Mtu wa namna hiyo anakosoa. Na pembeni mwa barua yako hamna alama yake hata moja. Baba, anayechora kwenye risiti, kwenye bahasha, kwenye mfuniko wa boksi la viatu, ameacha karatasi nyeupe ipite bila kuniwekea hata kidole? Kuna kitu amekiona, Dada, akakimeza ili asiniaibishe mbele yako.

Basi, siulizi tena.

Juzi Mwalimu alituambia kwa nini watu wanapenda filamu zao. Mtu amekaa kwenye kiti chake, shwari, halafu anaona goti linaingia ubavuni kwa mwenzake na yeye anaguna kabla hajajua. Mwili wake umeamini kabla ya akili. Watu wanadanganywa kutwa nzima, anasema, kazini, sokoni, nyumbani, wakija kwetu wanataka mahali pamoja ambapo anayeanguka ameanguka. Wakati tunatafsiriwa maneno hayo nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

Nimemwomba anipe anguko kwenye filamu ya pili. La peke yangu. Kutoka ghorofa ya pili, unapita kwenye turubai, unatua kwenye paa la pikapu inayotembea. Alikataa. Nikamfuata kila siku kama mtoto anayedai pipi, mwishowe kakubali, mazoezi tumeanza. Nimemwomba na kamera iwe karibu, sura ionekane.

Safari hii Baba hatasumbuka kunitafuta. Mwambie hivyo. Mwambie ataniona mimi.

Kiwiko


14 Aprili

Kiwiko,

Hii barua nimeianza mara nyingi, kikapu kimejaa. Baba hajakasirika hata kidogo, naapa. Hachori tu siku hizi, ndiyo nikakwambia anajipumzisha. Usijitengenezee maneno yasiyokuwepo.

Hilo anguko lako limeninyima usingizi. Lazima liwe la ghorofa ya pili? Hakuna la ghorofa ya kwanza kwa watu wenye akili? Lakini najua ukishashika jambo. Vaa kila wanachokupa cha kukinga, na kama siku hiyo moyo hautaki, kataa.

Nimemsomea Baba barua yako. Anakusalimu sana. Anasema anasubiri kukuona.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Usishangae mwandiko. Nimeumia kidole, na daktari wa kambi amenikataza kushika kalamu, kwa hiyo mimi nasema na rafiki yangu anaandika. Tunamwita Gunia. Ndiye peke yake huku ninayeongea naye lugha ya nyumbani.

Kuruka nimeruka. Ilikuwa sawa. Ila nadhani watakata kipande kile, mwanga haukuwa mzuri. Kwa hiyo msihangaike kuitafuta hiyo filamu ya pili, ni ya kawaida tu, wala msimsumbue Baba nayo. Mwambie mwakani zitakuja nzuri zaidi.

Baba hajambo? Anachora?

Kiwiko

Shikamoo Dada. Hapa chini ni mimi mwenyewe Gunia, yeye amelala. Siri ya mtu huwa siitoi lakini hii imenishinda kubeba. Si kidole. Ni mkono wote wa kulia na nyonga. Turubai lilichanika kabla ya wakati, akalipita kama halipo, akaikosa pikapu. Yuko kitandani wiki ya tatu sasa. Daktari anasema atatembea, na fimbo, ila kuruka ndiyo basi.

Na jingine. Yule wa shati jekundu ni mimi. Kiwiko kwenye filamu ya kwanza alikuwa mbeba magodoro, yale tunayoangukia. Siku barua yako ilipofika, kwamba Mzee amemtambua, alitoka nje akakaa nyuma ya choo mpaka chakula kikaisha. Akaniambia, "Baba ameona kwamba si mimi, akanisitiri. Nina deni la mwili wangu kwa macho yake." Ndiyo maana akaruka. Mimi nilimtania kidogo kuhusu magodoro, nami halinitoki.

Filamu ikitoka nitawatumia. Nadhani mna haki.


18 Agosti

Mdogo wangu,

Kaa kabla ya kusoma. Najua umekaa, najua yote, Gunia aliniambia. Lakini kaa.

Baba haoni. Alianza kutoona kabla hujaandika barua yako ya kwanza, na tangu Januari amebakiwa na mwanga kidogo tu wa dirishani. Ni presha ya macho. Alinilalamikia muda mrefu, nami nikamtilia matone ya bei rahisi kutoka kabati letu, mimi ninayevaa koti jeupe na kuwaambia wengine "nenda ukapime." Sikukwambia kwa sababu niliogopa utaniuliza nilikuwa naangalia nini. Hiyo ndiyo sababu. Nimeipamba kwa sababu nyingine nzuri nzuri, ila ukiikwangua ndiyo hiyo.

Kwa hiyo hakukuona pale sokoni. Hakuona shati jekundu wala jeupe. "Yule pale" niliitunga mimi. Ule mkono niliomziba nao niliutunga mimi. Nilimweleza Baba anguko la Gunia kwa jina lako, akalia. Wewe ukadhani amekuona si wewe akakusitiri, ukaenda kulipa. Deni lilikuwa langu.

Na kuna jingine nalo ni baya zaidi. Nilipomsomea Baba barua yako ya pikapu, hakusema anasubiri kukuona. Alisema, "Mwambie imetosha, nimeridhika, arudi nyumbani." Alisema hivyo mara nyingi. Sikuandika. Ungerudi ungemkuta kipofu, na mimi nimekaa pembeni yake. Tangu Machi Shangazi ananiambia niandike, nami namjibu wiki ijayo.

Diski ya Gunia ilifika juzi. Sikutaka kuiweka, Baba akaipapasa mezani akajua. Nikaiweka, nikamweleza, na nakuapia sikukutaja, maana hukuwepo. Filamu ikaisha, majina yakaanza kupita na muziki wao ule. Nikanyoosha mkono kuzima. Baba akasema, "Safari hii diski isigome. Acha. Hapo ndipo penye ukweli."

Wakaanza kuonyesha waliokosea. Mmoja kateleza, wanacheka Kithai. Mwingine kajigonga mlangoni, wanacheka. Halafu nikakuona. Sura karibu kabisa, kama ulivyoomba. Turubai likachanika. Kukawa na ule mshindo, watu wanakimbia, kamera imesahauliwa inatazama lami tu na kiatu chako. Sikueleza kitu, Kiwiko. Nilibana mdomo kwa mikono miwili. Nikadhani imepita.

Halafu katikati ya kelele za Kithai sauti yako ikasema, taratibu kabisa, kama mtu anayeongea na jirani: "Baba asiione hii."

Baba akanyanyua kichwa. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha." Ikawa mara tatu, kama wenyewe wanavyofanya. Kisha akauliza, "Na yule wa shati jekundu alikuwa nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na lile la kukuita nyumbani, kwamba sikuliandika. Matone hakuyauliza, nikamwambia mwenyewe. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikwenda chumbani akipapasa ukuta, hakutaka nimshike. Siku ya pili akaja mezani, akaniambia nichukue kalamu niandike maneno yake, na nisiongeze langu hata moja. Haya hapa:

"Mwambie nimefanya alivyoniomba. Sijaiona."

Dada yako


1 Septemba

Dada,

Naandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinatembea kama mimi.

Nilipofika kwenye neno "sijaiona" nilimpa Gunia barua amalizie, nikakuta imeisha. Nimekukasirikia sana, sitakuficha, tumeshafichana vya kutosha. Siku nzima nilikuwa nakutukana kimoyomoyo. Kisha nikakumbuka nilikuwa nachanganya naye rangi chumba kimoja, akigonga ndoo nacheka, akiniuliza hii ni nyekundu au kahawia namwambia Mzee unazeeka. Macho yalikuwa yanaondoka na mimi nafanya mzaha. Na kama nisingedanganya kuhusu shati, wewe usingekuwa na kitu cha kumwelezea. Basi tugawane. Nusu yako, nusu yangu, na tusipigane kwa ajili ya kubwa.

Kambi inafungwa. Nashuka mjini na gari la chakula, dereva amenitengea kiti cha mbele, kisha nakuja nyumbani. Fimbo nimeshaizoea, ina kelele kwenye saruji, Baba atanisikia tangu kona.

Kabla sijafika nifanyie jambo moja. Weka ile filamu ya kwanza, ile uliyoizima. Iache mpaka mwisho, majina yanapopita. Utamwona Gunia yuko chini kwenye mabakuli, hainuki. Kutoka kushoto anaingia mtu mwembamba amebeba godoro begani, analitupa, anapiga magoti, anamshika Gunia kichwa. Anageuka anaitazama kamera kwa makosa, na Mwalimu anamfokea atoke. Ni kidogo sana, ukipiga chafya imepita.

Huyo ndiye mimi. Nilikuwemo tangu mwanzo, niliona aibu tu ya godoro.

Mwelezee Baba hiyo, polepole, na usiongeze kitu.

Kiwiko